Somnolensi ya Bi Kola

Kwanza tuelewane: mimi si mwongo. Nina mdomo, hilo sikatai, na yeyote aliyewahi kuleta nguo kwetu halafu akanipandishia sauti analijua vizuri. Lakini kudanganya na kunyamaza ni mambo mawili. Siku ile mimi nilinyamaza tu. Aliyetaka maana angeuliza.

Duka letu la dobi liko chini ya jengo la ghorofa. Mbele ni kaunta yangu na benchi la wateja. Nyuma ya pazia kuna mashine za kufulia, kamba za kuanikia, na meza ndefu ya pasi iliyotandikwa blanketi, juu ya blanketi shuka. Kwenye meza hiyo ndipo alipokuwa akisimama Bi Kola. Jina hilo nilimpa mimi. Shati lolote likifika mkononi mwake alianza na kola, upande wa ndani kwanza, kutoka nchani kuelekea katikati, kisha anageuza. Watu walikuwa wanafungua mfuko palepale kaunta waishike kola tu, wacheke wenyewe kama watoto waliopewa viatu vipya.

Mwanamke mrefu, mkimya, mikono imejaa vialama vya mvuke. Na mpole! Ukimtukana anakuuliza kama umeshakula. Mimi nikikasirika kwa niaba yake, maana mwenyewe hajui kukasirika, ananiambia, "Mwenzangu, utapata presha bure."

Usingizi ulimwanza taratibu. Mara ya kwanza nilidhani anaomba dua. Nilifunua pazia nikamkuta kasimama kafumba macho, mkono unakwenda na pasi juu ya shati, unarudi, unakwenda. Mkono uko kazini, mwenyewe hayupo.

"Bi Kola!"

"Abee!"

"Unalala wewe!"

"Silali. Nawaza."

"Unawaza nini mpaka udenda unakutoka?"

Akajifuta mdomo, tukacheka. Lakini ikawa leo, ikawa kesho, na mimi si mtu wa kuona jambo nikalimeza. Nikamwita kwenye benchi, nikambana mpaka akasema.

Kumbe ni mkwe wake, mama wa mumewe. Bibi wa watu uzee ulikuwa umeanza kumchezea akili. Mchana ametulia tuli kwenye kiti chake. Usiku anaamka. Wanawe wana mvi sasa, lakini usiku yeye anawaona wadogo, hawajala, wanamlilia njaa. Basi anakwenda jikoni kuwapikia. Mara moja alifungulia gesi, akasahau kuwasha. Tangu hapo Bi Kola akahamia chumba cha mkwe. Alichukua mkanda wa gauni kuukuu, ncha moja akafunga mkono wa mama, ncha ya pili akafunga mkono wake mwenyewe. Mama akiinuka mkanda unavuta, na Bi Kola anaamka. Wanakwenda jikoni wote wawili, wanaangalia masufuria, mama anaambiwa watoto wameshakula na wamelala, wanarudi kitandani. Lepe halijamshika vizuri, mkanda unavuta tena. Kukipambazuka, anakuja kunyoosha kola za watu.

"Na huyo mumeo?" niliuliza. Mumewe ni fundi wa friji, mtu mzuri tu, mradi usimtegemee aone jambo lisilotoa moshi.

"Anarudi kachoka. Analala chumba cha pili."

"Analala! Na shemeji yako?"

Shemeji yake tulimwita Profesa, kaka mkubwa wa mumewe, karani wa ofisi ya bima, nyumba yake imepakana na yao. Miwani, gazeti chini ya kwapa, na tangu aote meno hajawahi kusema "sijui".

"Niliwaambia nina usingizi," alisema Bi Kola. "Profesa akacheka. Akasema usingizi hauna mwenyewe, kila mtu anao."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliwaka! Lakini baadaye, nikiwa napanga hangeri, niliwaza jambo. Hebu angalia maneno yetu ya usingizi. Mtu analala kama pono. Mtu anachapa usingizi, anauchapa kama mtu aliyekosewa na huo usingizi! Mtu anasinzia, na ukisema fulani anasinzia tayari umemsema. Hakuna hata moja ambalo ukilipeleka kwa mkubwa wako atakwambia pole. Mtu akiwa na homa anapewa uji. Mtu akiwa na usingizi anapewa lawama.

Siku ya balaa ilikuwa asubuhi tu, jua linaingia dirishani. Nilisikia harufu kabla sijasikia sauti. Nilipofunua pazia Bi Kola alikuwa kalala kifudifudi juu ya meza, shavu kwenye shati la mtu, pasi imelalia mkono wake wa kushoto juu ya kifundo, na mwenyewe haamki. Hebu fikiria usingizi ambao moto hauwezi kukuamsha. Niliirusha pasi nikapiga kelele mpaka ghorofa ya juu wakachungulia. Naye akafumbua macho, akautazama mkono wake, akasema, "Shati limeungua?"

Tajiri wetu si mbaya, ila ana woga. Akasema, "Mpeleke hospitali. Na hapa asiguse pasi mpaka nijue ana nini. Siku nyingine ataniulia mtu, au atakufa yeye."

Hospitali wakamfunga bandeji, wakampima damu, mkojo, sukari, kila kitu. Wakamlaza kwenye kitanda chembamba wampime presha, na kile kimpira hakijamaliza kujaa upepo, mwenzangu kashalala. Daktari akaja na daktari mwanafunzi nyuma yake. Akanisikiliza mimi mambo ya mkanda, mkwe na gesi, akaangalia majibu ya vipimo, kisha akamgeukia yule mwanafunzi wakaongea Kiingereza. Katika maneno yote yale lilirudi neno moja, somnolensi, na kila lilipotamkwa yule kijana alitikisa kichwa kwa heshima.

Nikawakatiza. "Daktari, ndiyo nini hiyo? Saratani?"

Akatabasamu. "Hapana, mama. Ni usingizi."

"Usingizi?"

"Kusinzia. Mtu anasinzia mchana, akiwa kazini, akiwa anaongea. Damu yake nzuri, sukari nzuri. Halali usiku, basi."

"Sasa kusinzia mnakupa jina kubwa vile la nini?"

Alifikiri kidogo. Alikuwa mwanamke wa makamo, macho yake mwenyewe mekundu. "Mtaani hatulitumii," alisema. "Nikienda nyumbani namwambia mume wangu nina usingizi. Lakini tukiongea hapa, hatutaki neno linalomlaumu mgonjwa. Ukisema fulani ni msinziaji umeshamhukumu. Ukisema ana somnolensi, unauliza kwa nini."

Nikalitazama lile neno akilini mwangu. Kumbe ni usingizi uleule wetu, ila huu umefuliwa na kupigwa pasi.

"Dawa yake ni kulala," daktari aliendelea. "Kitandani, usiku kucha, bila kuamshwa na mtu. Wiki mbili kwa kuanzia, na baada ya hapo asirudi kwenye ule mkanda peke yake. Akirudia hali hii na pasi ya moto, safari nyingine hautakuwa mkono. Nimwandikie cheti?"

"Usiandike, daktari," nilisema. "Ukiandika usingizi watacheka. Wewe niachie hilo neno lako."

Njiani Bi Kola aliniuliza, "Wamesema nini? Ni kibaya?"

"Kibaya sana. Ukiamka unakufa."

Akatabasamu, akaegemeza kichwa begani kwangu. Nilidhani ni woga.

Nyumbani kwao tuliwakuta sebuleni: mama kwenye kiti chake, mume na mikono ina grisi, Profesa na gazeti. Nikamwingiza Bi Kola chumbani nikamlaza, kisha nikarudi nikasimama katikati ya sebule. Nilijua nina nafasi moja tu. Nikisema "usingizi" mchezo umekwisha, usiku huohuo mkanda unarudi mkononi, tena juu ya bandeji.

"Daktari amesema," nilianza, na sauti nikaishusha, "ana somnolensi."

Mume akamtazama kaka yake. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilimwona akilitafuta lile neno kila chumba cha kichwa chake asilipate. Lakini mtu na tabia yake.

"Somnolensi," alisema, akashusha pumzi ndefu. "Nilihisi. Nilihisi mimi."

"Unaijua, kaka?"

"Si ya kuizungumzia mbele ya mama." Akanigeukia. "Imefika wapi?"

"Imefika mchana," nikasema. Na hapo sikudanganya.

"Mungu wangu. Mchana! Na matibabu?"

"Alale. Asiamshwe na mtu yeyote, kwa lolote, wiki mbili nzima. Na mkanda wa mama ufungwe mkono wa mtu mwingine."

Hakuna aliyeuliza maana. Asojua maana haambiwi maana, na mimi sikumwambia mtu. Mume alikuwa anaangalia mlango wa chumba. Profesa akasimama. "Kuanzia leo," alisema, "nyumba hii redio marufuku."

Na hapa lazima niwe mkweli, nilimpenda Profesa. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini lile debe lilivuma kwa faida ya mgonjwa. Asubuhi iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa tajiri wetu, amefunga tai, akamwambia lile neno kwa uzito wote. Tajiri akasogea nyuma hatua nzima. "Haiambukizi?" Profesa akasema, "Katika hatua hii, hapana." Wiki mbili zikatolewa papo hapo. Tajiri akashika pasi mwenyewe, na kola zikatoka zimesimama kama masikio ya sungura.

Bi Kola alilala. Alilala mchana, akala, akalala tena, usiku akalala fofofo. Majirani wakaja kumjulia hali. Profesa anawapokea mlangoni na kidole mdomoni, wanavua viatu, wanaingia kwa kunyata, wanakaa ukutani wakimtazama mtu anayekoroma, wanatikisa vichwa. Jirani mmoja alininong'oneza, "Hii hii ndiyo aliyokuwa nayo dada yangu. Yeye ilimshika miguu." Nikauma ulimi mpaka machozi yakanitoka, na wao wakadhani nalia, wakanipa pole.

Kicheko kilikuwa cha nje tu. Kila nilipomwona Profesa akisimamisha watu barabarani kuwaeleza habari za somnolensi, nilisema leo ndiyo leo, leo atakutana na mtu anayejua. Watamwamsha. Watamwamsha kwa matusi, na safari hii hata kuomba kulala hataweza, maana mtu aliyeonekana mwongo mara moja hapewi pole ya pili. Na pasi ile bado iko mezani inamsubiri.

Mkanda nao ukapata mwenyewe mpya. Profesa alijitolea kwanza. Asubuhi alipita dukani kwetu nywele zimesimama, miwani imepinda. "Mama ana nguvu," alisema tu, akaenda zake ofisini. Baada ya hapo wakawa wanapokezana, yeye na mdogo wake.

Wiki mbili zikaisha, Bi Kola akarudi kazini. Uso umejaa, macho meupe, kidonda kimefunga. Alishika kola ya kwanza akaitazama kama mtu aliyeonana na ndugu. Mchana wake, duka likiwa tupu, mumewe akaingia. Hakuja na nguo. Aliegemea kaunta yangu, akaangalia pazia, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Shemeji. Ile somnolensi."

"Ina nini?"

"Nimeitafuta kwenye simu. Ni usingizi."

Nikajiandaa. Nina maneno mimi, na yote yalipanga foleni mdomoni: kwamba mkeo ameungua, kwamba punda afe mzigo wa bwana ufike ndiyo sheria ya nyumba yenu, kwamba huna aibu. Nikaanza, "Sikiliza shemeji, lini uli—"

"Siku ileile," akasema. "Wewe hujafika hata kona."

Maneno yangu yote yakatawanyika. "Siku ileile? Na hukusema?"

"Ningemwambia kaka ni usingizi angemwamsha palepale." Akajikuna kichwa. "Nikasema acha alale leo tu. Kesho yake nikasema acha alale na leo. Halafu zamu ya mkanda ikaja kwangu."

Nikamwona anahangaika na kaunta yangu, anafuta vumbi ambalo halipo.

"Unajua mama huwa anamwamkia nani, shemeji? Mimi. Ananitaja kwa jina la utotoni. Anasema, kitinda mimba wangu hajala, alirudi amechelewa, kalala na njaa. Mimi! Siku zote hizo mama anaamka kunipikia mimi, na mke wangu anaamka kumwambia nimeshashiba. Na mimi niko chumba cha pili nakoroma."

Machozi yakamtoka, mtu mzima, akayafuta kwa mkono uleule wa grisi, uso ukawa na mistari. Nikampa kitambaa kisafi cha mteja.

"Hili gonjwa," alisema alipotulia, "haliwezi likawa linarudi? Maana kaka ameanza kusema amepona, zamu yake sasa iishe."

"Linarudi, shemeji. Hilo halina kupona. Mwambie Profesa mgonjwa akifungwa mkanda peke yake tu, linarudi mara moja."

"Ndivyo daktari alivyosema?"

"Ndivyo alivyosema." Na hapo pia sikudanganya.

Akashusha pumzi, akaenda kukaa kwenye benchi, eti apumzike kidogo kabla ya kwenda kwenye friji ya mtu. Nikageuka kupanga hangeri. Nilipomtazama tena, kichwa kilikuwa kimeangukia ukutani, mdomo wazi.

Pazia likafunguka. Bi Kola akatoka, akasimama mbele ya mumewe muda. Kisha akainama, akaushika mkono wake wa kulia, akaugeuza. Kwenye kifundo palikuwa na alama nyekundu ya fundo la mkanda. Akaipapasa kwa kidole gumba, vile anavyopapasa kola kabla ya kuitia pasi.

"Naye anayo?" aliniuliza.

"Anayo. Tena yake changa bado."

Akacheka bila sauti, mabega yakimtikisika. "Mwenzangu, unadhani mimi sikumsikia daktari?"

"Si ulikuwa umelala wewe!"

"Macho ndiyo yalilala. Nilisikia yote, mpaka ulivyomkataza asiandike."

Nikaweka hangeri chini. "Ukaniacha nihangaike? Ukaniuliza njiani kama ni kibaya, nami nikakudanganya mchana kweupe! Kwa nini hukusema?"

Aliurudisha mkono wa mumewe juu ya paja, taratibu.

"Tangu nimeolewa katika nyumba ile," alisema, "sijawahi kusikia mtu akisema: mwacheni, msimwamshe. Ulipowaambia sebuleni, nilisikia kule chumbani. Nikasema nisubiri nilisikie mara moja tena. Profesa akaja akalisema mlangoni. Nikalala."

Nililia, sifichi. Nililia mimi mwenye mdomo wote huu, na yeye ndiye aliyenibembeleza, aliyeungua akimbembeleza mzima. Kisha akachukua shuka la mteja kwenye rafu, jeupe, alilolinyoosha asubuhi ile, akalikung'uta mikunjo yote, akamfunika nalo mumewe mpaka kidevuni.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mteja na furushi lake, sauti juu, anadai suruali zake. Nikavuta pumzi nimjibu inavyostahili, lakini Bi Kola alikuwa ameshaweka kidole mdomoni.

"Polepole, ndugu yangu," alimwambia. "Asiamshwe."